Shimo Katika Wimbo wa Mama

Kwanza naomba mnisamehe mwandiko. Herufi zangu hulala upande kama nyasi zilizokanyagwa na ng'ombe, na mara nyingine naandika r mahali pa l, maana nyumbani kwetu midomo haizitofautishi sana. Niliishia darasa la saba. Naandika polepole, na nikikosea huanza ukurasa upya. Mkiyasoma haya yamepigwa chapa na yamenyooka, mjue kuna mtu alinisahihishia. Lakini habari ni yangu, na ya mama yangu.

Tulikaa Pasiansi, nyumba ya tofali za udongo iliyoegemea mawe makubwa. Ukisimama mlangoni unaliona ziwa. Baba alipunguzwa kazi shirika lao lilipouzwa. Siku hiyo alirudi na koti la kazi mkononi, akasema, "Haya, sasa na mimi nimekuwa mtu binafsi." Miaka ile kila kitu kilikuwa cha mtu binafsi: duka, basi, hata redio. Akatoa meza barazani akaanza kutengeneza redio za watu. Alikuwa na mashine ya kanda yenye milango miwili, na aliifunika kwa kitambaa cha mama cha kichwani ili vumbi lisiingie. Mama alikidai kitambaa hicho kila Jumapili.

Mama hakusoma. Aliimba. Nyimbo nyingi za kwaya yetu zilitoka kwake, na zilipatikana hivi.

Asubuhi moja tulikuwa ziwani tunasugua masufuria kwa mchanga. Mama akaacha kusugua, akainamisha kichwa kama mtu anayesikia hodi kwa mbali.

"Njoo unishikie hii," akaniambia.

Nilijua maana yake. Wimbo ukimjia hakuwa na pa kuuandika, basi alinipa mimi. Aliimba mstari wa kwanza mara mbili, nami nikaushika, nikawa naurudia kwa sauti ndogo bila kuacha, huku yeye akienda kuutafuta wa pili. Nikinyamaza, unapotea. Mimi ni mtu wa aibu, hata kununua chumvi dukani nilikuwa nasubiri wateja wote waondoke. Lakini pale majini niliweza kuimba, kwa sababu msikilizaji wangu alikuwa mmoja na alikuwa amenipa mgongo.

Wimbo huo ulikuwa wa Mungu anayetazama ng'ombe wake wakirudi jioni. "Wote wamerudi zizini," kisha kimya, kisha "mmoja bado." Kimya hicho hakikuwa cha kuvuta pumzi. Kilikuwa kirefu kidogo kuliko hapo, na kilirudi katika kila mstari. Nilimuuliza mama kwa nini. Akasema, "Hapo panakaa hivyo."

Mwalimu wa kwaya hakukipenda. Alikuwa kijana aliyesomea ualimu Butimba, mpole sana, na alikuwa amenunua kinanda cha umeme ambacho alikibeba kama mtoto mchanga.

"Mama, hapa pana shimo," alisema.

"Liache, mwalimu."

"Nitie kinanda kidogo tu. Watu watadhani tumesahau maneno."

"Wadhani. Utafukia shimo la watu kwa ruhusa ya nani?"

Kwaya ikacheka, mwalimu naye akacheka. Shimo likabaki. Wakati huo kwaya nyingi zilikuwa zinarekodi kanda, nasi tulikuwa tunajiandaa, na wimbo wa mama ndio ungekuwa wa kwanza kwenye kanda. Nilimwona mama akipiga pasi vazi la kwaya ambalo halikuwa na mkunjo.

Jirani yetu, mama muuza dagaa aliyeimba sauti ya kwanza, alikwenda msibani Misungwi. Aliporudi alikuja moja kwa moja barazani kwetu, na kina mama wengine wawili wa kwaya nyuma yake. Alimkabidhi baba kanda.

"Shemeji, hebu tia hii. Ni ya kwaya ya kule."

Baba akatia. Mama alikuwa amekaa kwenye mkeka anachambua mchele. Kikapigwa kinanda, kisha wanawake wakaanza. Maneno yalikuwa mengine, ya mvua iliyonyesha na mtu anayeitwa aamke. Lakini wimbo ulikuwa unapanda pale unapopanda wa mama, unashuka pale unaposhuka.

"Jamani!" jirani akapiga makofi. "Huyu si ng'ombe wetu? Mbona amevaa kengele ya Misungwi?"

Wenzake wakacheka mpaka wakashikana mabega.

"Dada, kumbe wimbo hukushushiwa toka mbinguni. Uliusikia kwa wenzako!"

Mama hakuinua kichwa. Aliendelea kuchambua. Mimi nilikuwa karibu naye, nikaona kwamba mchele ule ulikuwa umekwisha kuwa safi, na vidole vyake vilikuwa vinatoa punje nzima nzima na kuzitupa.

Jumamosi, kwenye mazoezi kanisani, mwalimu alisema mbele ya wote, kwa upole, "Sisemi mama ameiba. Nasema tusiurekodi mpaka tujue." Mama akajibu, "Sawa, mwalimu." Jumamosi iliyofuata hakwenda. Wala iliyofuata. Mimi nilitumwa peke yangu, nikasimama mstari wa tatu na kufungua mdomo bila kutoa sauti.

Lililoniumiza zaidi lilikuwa nyumbani. Mama alisonga ugali kimya. Alifua kimya. Sikuwahi kujua kwamba nyumba yetu ilikuwa na sauti yake mpaka ilipotoka. Baba aliwasha redio tatu kwa pamoja ili kukifunika kimya hicho, hakikufunikika.

Mchana mmoja tukianika nguo kwenye mawe ya nyuma, mama akaniuliza, "Mwanangu, mtu anaweza kuiba bila kujua?"

Nikasema, "Sijui, mama."

Hilo ndilo jibu nililompa. Aliniamini kushika nyimbo zake tangu nikiwa mdogo, na siku aliponihitaji niseme hapana, nilisema sijui. Aliitikia kwa kichwa, akaendelea kuanika. Nililala na neno hilo siku nyingi.

Baba alikuwa na kanda ya mazoezi yetu. Siku moja aliiweka mlango mmoja, ya Misungwi mlango wa pili, akapiga hii kidogo, ile kidogo.

"Mimi nimefungua redio nyingi," akasema. "Mbili zinaweza kuwa na sauti moja, na hakuna iliyoiba kifaa cha mwenzake. Sikiliza hapa."

Pale ambapo sisi tulikuwa na shimo, wao walikuwa wametia manyanga. Ch! Mara moja tu, halafu wimbo unaendelea.

"Wao nao walikuta shimo," baba akasema. "Ila wamelifukia."

Ndipo nilipoamua kuandika barua. Nilimwandikia kiongozi wa ile kwaya, kwa kupitia kanisa lao. Siku tatu kwa ukurasa mmoja. Nilimwamkia shikamoo, nikamwambia mimi ni nani, nikamuuliza wimbo wake aliupata wapi, na nikaongeza kwamba simshitaki, ila mama yangu haimbi tena. Neno "haimbi" nililiandika mara nne kabla halijakaa vizuri. Nikaipeleka posta nisimwambie mtu.

Jibu halikuja. Ilikuja mvua.

Tulikuwa na kipande cha shamba nyuma ya mawe, cha viazi vitamu. Matuta yanataka kuinuliwa udongo ukiwa bado laini, kwa hiyo mama na mimi tukatoka na majembe. Yeye mbele, mimi nyuma, kila mmoja tuta lake. Hakuimba. Nilikuwa nasikia jembe lake tu. Analiinua, linakaa juu kidogo, linashuka, kisha anavuta udongo kuja kwake. Linainuka, linakaa, linashuka, anavuta.

Sijui nilianza lini. Nadhani nilikuwa nimechoka na kimya. Nikaanza kuimba kwa pua, taratibu, wimbo ule ule uliokatazwa. Nikaimba mpaka pale pa kunyamaza, nikanyamaza.

Jembe la mama likashuka. Pu!

Nikaendelea. Nikafika tena shimoni. Pu!

Mara ya tatu nikainua macho. Mama alikuwa amesimama, jembe liko hewani, hajanigeukia.

"Endelea," akasema. Sauti ilikuwa imekauka. "Endelea, nishikie."

Nikaendelea. Akalima tuta zima hadi mwisho, na kila shimo likajazwa na jembe, hakuna lililobaki wazi wala lililozidi. Alipofika mwisho alikaa juu ya tuta lake jipya, jambo ambalo angenigombeza mimi nikilifanya, akacheka huku machozi yakimtoka.

"Ni wa mama yangu," akasema. "Shamba la pamba. Walikuwa wanalima kwa mstari, wanawake ishirini, na mimi nikiwa mgongoni au nimelazwa kivulini. Nilikuwa sijaanza hata kutembea vizuri."

"Maneno yalikuwa gani?"

"Ya kumsema mvivu aliyebaki nyuma." Akafuta uso kwa mkono wenye udongo. "Hayaimbiki kanisani, mwanangu. Hata hapa shambani nakuonea haya."

"Basi hukuiba."

"Niliiba kwa mama yangu."

"Na yeye?"

"Yeye naye mtafutie mama yake."

Nilidhani Jumamosi atakwenda kusema hayo. Akakataa. "Niende nikajitetee? Wakitaka kuniamini, wataniamini." Nikaelewa kwamba atabaki nyumbani, na wimbo utabaki naye, kwa sababu ya fahari yake na ya "sijui" yangu. Jumamosi mchana nikachukua jembe lake, nikaenda nalo kwenye mazoezi.

Jirani wa dagaa ndiye aliyeniona kwanza. "Haya, leo binti amekuja kupalilia waumini!"

Wakacheka. Mwalimu akaniuliza kama kuna tatizo. Nikafungua mdomo nieleze, na maneno yote niliyopanga njiani hayakuwepo. Nikaliegemea jembe. Kwa kuwa sikuweza kusema, nikaimba. Nilitazama sakafu. "Wote wamerudi zizini." Nikainua jembe kidogo, nikaugonga mpini kwenye saruji. Ko! "Mmoja bado." Mstari wa pili. Ko!

Kicheko kilikwisha hapo. Nilipofika mstari wa tatu nikasikia mguu wa mtu unapiga sakafu pamoja nami. Kisha miguu mingi. Kina mama wa makamo, wale waliokulia mashambani kabla ya kuja mjini, walikuwa wameanza kuinama kidogo na kuinuka, bila kujijua. Na sauti moja ikaitikia kwa Kisukuma, maneno ambayo sikuwahi kuyasikia, ikaenda nusu ya mstari, ikakatika ghafla.

Alikuwa jirani wa dagaa. Alikuwa ameziba mdomo kwa mikono yote miwili.

"Mayu, mama wee!" akasema. "Nimetukana kanisani!"

Kanisa lote likaangua kicheko. Mwalimu hakuelewa, ikabidi aelezwe, isipokuwa maneno yenyewe hakuna aliyekubali kumfasiria. Akafunika kinanda chake. "Kumbe shimo lina mwenyewe," akasema.

Jirani alitangulia kufika nyumbani kuliko mimi. Nilimkuta uani, amemletea mama sahani ya dagaa imefunikwa, na mama anamwacha asimame nayo.

"Dada, nimekuja."

"Nakuona."

"Nilikuita mwizi. Kumbe mimi na wewe tumeiba kwenye shamba moja."

Mama akamtazama. "Na ule mstari wa mwisho," akasema, "kwenu waliumalizaje? Mimi nimeusahau."

Jirani akaweka sahani chini, akamnong'oneza sikioni. Walicheka mpaka baba akazima redio ili asikie, wakamfukuza.

Barua ya Misungwi ilikuja wiki kadhaa baadaye. Ilikuwa ya mzee anayeongoza kwaya ile, mwandiko wake mzuri kuliko wangu. Aliandika kwamba wimbo ulimjia alipokuwa mgonjwa, akadhani ni malaika. Barua yangu ilimfanya akae nje siku nzima, ndipo alipomkumbuka mama yake na jembe. Akasema pia kwamba kuna mtu wa Geita aliyewahi kumwambia ni wao ndio wenye wimbo, naye akamfokea. "Mwambie mama yako aimbe," aliandika. "Na maneno ya zamani usiniandikie. Ninayo."

Tuliurekodi. Mwalimu alikataa kinanda na manyanga, akataka jembe lenyewe, akampa mama alishike. Nikiisikiliza kanda hiyo leo nasikia mpini ukigonga, na nyuma yake, kwa mbali, mtu anayeimba mstari wa kwanza kwa sauti ndogo asije akaupoteza. Huyo ni mimi. Nyumba yetu ina sauti tena, na mama akiniuliza kitu siku hizi, sikimbilii kusema sijui.

Sasa nina ombi. Ninyi mnaosoma, huenda kwenu kuna wimbo wenye kimya mahali kama hapo, wa kanisa, wa dansi, au wa kubembeleza mtoto. Uimbeni polepole, kisha mniandikie mlisikia nini ndani ya kile kimya: jembe, mchi, kasia, au kitu nisichokijua. Waliochapa haya watanifikishia. Mama ameniambia nimsomee kila barua. Kujibu nitajibu, ila mnivumilie, mkono wangu ni mzito.