Pazia, mwenye kigugumizi anayepokea simu za dharura

Saa kumi na moja kasorobo alfajiri, mfuniko wa birika unagongagonga jikoni. Shangazi ameamka kabla ya wote, kama alivyofanya kwa miezi mitatu sasa, ili mtoto wa kaka yake asiende kazini na tumbo tupu. Hakuombwa. Ukimuuliza, atakwambia usingizi wa uzeeni ni mfupi.

Huyo mtoto wa kaka yake amesimama mbele ya sinki, uso umelowa, anaongea na bomba.

"Hu-hu-huduma ya dharura, nakusikiliza." Anavuta pumzi, anarudia. "Huduma ya dharura, nakusikiliza."

"Bomba limeshakuelewa," shangazi anamwambia. "Njoo unywe chai."

Binti huyu ana miaka ishirini na minne. Jina lake rasmi liko kwenye kitambulisho cha kazi, lakini nyumbani na mtaani wote humwita Pazia. Leo ni siku ya mwisho ya majaribio yake katika chumba kinachopokea simu za magari ya wagonjwa. Zamu ikiisha, mkuu wake ataamua kama anaajiriwa au anaondoka.

Katika majaribio hupewa nusu ya mshahara. Nusu nyingine ya maisha yao inatoka kwenye mikono ya shangazi, ambaye hufua nguo za watu na mgongo umeanza kumkataa.

"Mwenye kigugumizi kwenye simu za dharura!" Pazia anacheka, akipuliza chai. "Hata mimi ningejicheka."

Alikuwa na miaka kumi na miwili shangazi alipomshika mkono na kumpeleka kwenye kundi la michezo ya kuigiza la vijana, linalokutana kila Jumamosi katika ghala kuukuu nyuma ya mtambo wa uchapaji. Shuleni alikuwa ameacha kuongea kabisa, maana kila alipokwama, darasa zima lilimalizia neno lake na kucheka.

"Sikumpeleka ili aongee," anasema shangazi. "Nilimpeleka apate wa kukaa nao."

Mwalimu wa kundi ni mama mshonaji, anayefundisha bila malipo na bado hushona mavazi ya jukwaani kwa vipande vinavyobaki dukani kwake. Siku ile ya kwanza hakumuuliza mtoto jina. Alimsogezea kigoda, akawaambia wenzake, "Humu ndani hatuwekeani maneno mdomoni. Mtu akikwama, tunangoja."

Miaka miwili ikapita Pazia hajatoa neno mbele ya wenzake. Hakuna aliyemsukuma. Ndipo Mwalimu akamkabidhi daftari la mchezo na kumketisha nyuma ya pazia awe mkumbushaji, yaani yule anayemnong'oneza mwigizaji aliyesahau maneno. Hapo wakagundua jambo: akinong'ona, kigugumizi hakimfuati.

Jina la Pazia lilianzia pale. Alikaa kwenye kigoda hicho miaka sita.

Hakuanza vizuri. Katika onyesho lake la kwanza, kijana aliyeigiza mfalme aliyefiwa alinyamaza ili machozi yamtoke. Pazia akadhani amesahau, akamnong'oneza. Mfalme hakujibu. Akanong'ona tena, kwa nguvu zaidi. Mfalme akageuka na kusema mbele ya watu wote, "Pazia, subiri bwana, bado nalia!"

"Watu walicheka mpaka maiti ikacheka," anakumbuka Mwalimu. Maiti alikuwa kijana mwingine, amelala chini ya shuka.

Jumamosi iliyofuata Mwalimu alimketisha karibu yake na kumfundisha kitu ambacho hakikuandikwa daftarini. Aliyesahau hushusha pumzi. Anayetafuta neno lake huizuia kifuani. Wa kwanza msaidie. Wa pili mwache, neno linakuja.

Ilimchukua miaka kuisikia tofauti hiyo. Mwaka wa tisa alipewa sehemu ya kusema, sentensi nne tu. Alikwama katika ya tatu. Wenzake jukwaani walitulia wakimtazama kama watu wenye siku nzima, na neno likaja. Shangazi alipiga makofi mpaka kilemba kikamdondoka.

"Waliokaa nasi mwaka mmoja walijifunza kuigiza," anasema Mwalimu. "Waliokaa kumi walijifunza kumngoja mtu."

Saa kumi na mbili kamili Pazia anavaa visikilizio. Chumba kina meza sita, ramani kubwa ukutani na feni moja inayolalamika. Kila meza hupokea simu tisini hivi kwa zamu. Mwenzake wa meza ya jirani ameshamjazia chupa yake ya maji.

Mkuu wa zamu, mwanamume mrefu asiyependa porojo, anavuta kiti na kuvaa visikilizio vya pili. Atasikiliza kila kitu.

"Kwenye usaili nilimkataa," anasema waziwazi. "Wenzangu wawili walinishinda kwa kura. Halafu wiki ya kwanza tu, akanipa sababu."

Sababu hiyo Pazia haifichi. Mwanamke alipiga simu akilia: "Mume wangu ame... ame..." Mkumbushaji wa miaka sita akaona mtu aliyekwama, akampa neno: "Ameanguka?" Mwanamke akaitikia, "Ndiyo, ndiyo!" Mwenye hofu hupokea neno lolote analopewa. Gari likaenda limejiandaa kwa mfupa uliovunjika, kumbe mwanamume alikuwa amepaliwa na kipande cha nyama. Aliponea kwa jirani aliyempiga mgongoni.

"Nilikosa kosa lilelile la mfalme," anasema Pazia. "Ila safari hii hakuna aliyecheka." Alipewa onyo la maandishi. Kosa la pili lingekuwa la mwisho.

Saa nne na dakika kumi simu inaita. Sauti ni ya mzee.

"Mke wangu," anasema. "Haamki."

"Nakusikiliza, babu. Mko wapi?"

Anapewa mtaa na rangi ya geti. Kidole chake kimeshabonyeza, gari limeondoka. "Anapumua?"

"Anapumua. Ana jasho, jasho jingi."

"Ilianzaje, b-b-babu?"

Kimya.

Mkuu wa zamu anatazama saa ya ukutani. Jirani wa meza anaandika kwenye karatasi na kuinyanyua: MOYO? Ndani ya gari, muuguzi anasubiri kuambiwa anakwenda kukuta nini. Pazia amefumba macho. Hasikii pumzi ikishuka upande wa pili. Imezuiwa. Anainua kiganja kwa wenzake: bado.

"Nipo, babu," anasema taratibu. "Sina haraka ya kukukatisha."

Sekunde tisa.

"Ni mimi," mzee anasema, sauti imevunjika. "Alijichoma sindano yake ya kushusha sukari asubuhi. Chakula nilikuwa nipike mimi. Nikaanza kutengeneza redio... nikasahau. Hajala."

"Umefanya vizuri kuniambia. Usimtie kitu mdomoni. Mlaze ubavu, mshike mkono. Wanakuja."

Muuguzi anapata habari njiani na kuandaa dripu ya sukari. Dakika kumi na mbili baadaye sauti ya muuguzi inakoroma redioni: mama amefumbua macho, na anauliza ni nani aliyeacha geti wazi.

Chumba kizima kinashangilia. Mkuu wa zamu anavua visikilizio. "Ningemwambia moyo," anakiri. "Na yule mzee angekubali tu, kwa hofu. Mimi nilisikia kimya. Huyu binti alisikia mtu." Hakungoja zamu iishe. Alitia saini fomu ya ajira palepale, kisha akamwomba Pazia awafundishe wapokea simu wapya lile somo la pumzi.

Shangazi alipopewa habari alikaa chini, akatandaza vidole vyake vilivyochubuliwa na sabuni, akasema, "Basi wiki ijayo watafute dobi mwingine."

Pazia ana mpango wake. Jumamosi bado ni za ghala, na sasa kuna watoto wanne wenye kigugumizi kundini. Anataka kila mmoja apate kigoda, daftari, na miaka ya kutosha. "Wasipewe wiki sita halafu waambiwe kwaherini," anasema. "Mimi ningepewa wiki sita, ningekuwa bubu hadi leo."

Siku nane baada ya simu ile, mzee alipiga tena kituoni, akimwomba "yule binti asiye na haraka". Jumapili Pazia na shangazi wakaenda kuwaona. Bibi ndiye aliyewafungulia geti, amejifunga khanga mpya, na mzee nyuma yake amebeba sinia la chai kwa uangalifu mkubwa.

"Sasa hivi ananilisha kila saa kama kifaranga," bibi alilalamika, akimkonyeza mumewe. Mzee akatabasamu, akammiminia chai.

Walikaa mpaka jua likapoa. Wakati wa kuaga, bibi aliushika mkono wa Pazia kwa mikono yake miwili, hakuuachia.

"Mjukuu wangu, nyumba hii ina watu wawili tu, na mmoja hasemi mpaka angojwe. Jumapili ijayo uje tena."