Dawa ya Kupe kwa Chatu

Harufu ya dawa ya kupe, ile ya kuogeshea ng'ombe, sijaisahau hadi leo. Ilijaa nyumba ya Mjomba Wanjala mjini Kitale msimu wa mvua nilipokuwa nikiishi kwake ili nisome. Mjomba alifuga chatu wawili kwa kibali, akiwapeleka shuleni ili watoto wawaone na waache kuogopa kila nyoka. Yule mkubwa, jike, tulimwita Nekesa. Nilizoea kumbeba, mzito na baridi, akinizunguka mabega taratibu.

Utitiri, wadudu wadogo wanyonyao damu, uliingia na gogo ambalo Mjomba alilileta kutoka Saboti ili chatu wajisugue wanapojivua ngozi. Tulianza kuona vidoti vyeusi, kama pilipili manga iliyosagwa, vikielea kwenye beseni lao. Nekesa hakutaka tena kutoka majini. Magamba ya pembeni mwa macho yalivimba, na nikimshika, vidoti vilitambaa viganjani mwangu. Mjomba alimpigia simu daktari wa mifugo, akaambiwa asimpake chochote mpaka aje amwone.

Kesho yake Mjomba akiwa kazini, Kuka, yaani babu yangu, baba yake Mjomba, alifika kutoka Bungoma kututembelea. Alimtazama Nekesa, akasikitika kweli.

"Huyu anateseka bana. Dawa ya kupe ninayo kwa mfuko. Hata ng'ombe zangu zinapona vizuli."

"Kuka, daktari amesema tungoje."

"Daktali atakuja lini? Ati akute amekufa?"

Akampulizia, kichwa hadi mkia. Chai niliyombandikia Kuka haikuwa imechemka Nekesa alipoanza kujinyonganyonga. Alipinduka tumbo juu, kinywa wazi, asiweze kujirudisha. Mjomba alimkuta hivyo. Alimwosha kwa maji ya vuguvugu, akimshikilia kichwa kisizame, lakini sumu ilikuwa imeshaingia. Alikufa mikononi mwake.

"Ulimpulizia nini, Baba?"

Kuka alimnyooshea chupa.

"Ondoka kwangu," Mjomba alisema.

Daktari alimwokoa yule wa pili. Gogo lilichomwa, sanduku walimolala chatu likasuguliwa kwa maji moto na kukaushwa, tukatandika magazeti tuliyobadilisha kila siku. Chatu aliogeshwa kwenye maji machache ya vuguvugu, akapewa dawa iliyopimwa kulingana na uzito wake. Utitiri uliisha polepole. Kuka naye hakukanyaga tena Kitale. Mama alipombembeleza, alijibu, "Niende nikaue ingine?" Alifariki kabla hajasemezana na Mjomba.

Siku hizi nauza dawa za mifugo Kimilili. Kuka aliuziwa chupa yake bila kuonywa kuwa dawa ya ng'ombe huweza kuua mnyama mwingine. Mimi huuliza ni ya mnyama gani na kuonya, na wapo wanaokasirika na kwenda duka la jirani. Mjomba hupita dukani akienda Bungoma kupalilia kaburi la baba yake. Nyoka hafugi tena. Mara moja tu, akiwa ameegemea kaunta, aliniuliza, "Si mzee alitaka tu kunisaidia?"

"Ndiyo, Mjomba."

Alichukua jembe lake, akatoka.