Dakika Kumi za Kunyamaza

Miaka ile ya tisini nilikuwa na paka watano na hata mmoja sikumtaka. Jirani ambaye paka wake amezaa alijua pa kuwapeleka watoto: kwa yule karani asiyeweza kusema la. Kazini Mbaraki, katika ofisi ya kutoa mizigo bandarini, nilipiga chapa kazi za watu watatu, wao wakinywa chai niliyowachemshia mimi. Siku moja meneja alinikuta nimesinzia juu ya taipureta, akasema niende kwa mshauri nasaha. Nikakubali, ningefanyaje.

Mshauri alikuwa mama mmoja mpole wa Kaloleni, mwenye miwani na cheti ukutani. Aliniuliza napenda chakula gani. Nikamwambia mama yangu apenda biriani.

"Nakuuliza wewe," akasema.

Nikamtajia anavyopenda shangazi. Akavua miwani, akajipangusa uso. Kisha akanipa kazi: kila siku baada ya alasiri nikae dakika kumi, nisiinuke wala kusema na mtu, niisikilize nafsi yangu.

"Na mtu akinisemesha?"

"Usimjibu. Hizo ni zako."

Na mimi kwa kutii, hodari wangu hajazaliwa.

Siku ya tatu nilikuwa nimekaa mkekani chumbani, nyumbani kwetu Mji wa Kale, dakika ya nne, baba akabisha hodi. Baba hakuwa na desturi ya kunibishia hodi. Akaingia na shangazi nyuma yake, akakohoa, akasema mtoto wa rafiki yake, yule wa duka la vipuri Makupa, ameleta posa na watu wake wangoja jibu.

"Wasemaje, mwanangu?"

Kijana nilimjua. Alikuja kwetu Idi mbili, na zote mbili akazungumza gia boksi. Mtu mwema, simsingizii, lakini kuishi naye sikutaka kabisa. Nikatazama saa. Zilibaki dakika sita.

Sasa, kwetu mwali akiulizwa posa akanyamaza, basi amekubali. Ni haya tu zinazomzuia kusema. Nalijua hilo tangu utotoni. Lakini nilikuwa nimeagizwa na mtu mwenye cheti, nikabana midomo.

Shangazi akapiga vigelegele. Jirani wa juu akaitikia, wa ng'ambo ya kichochoro naye akadakia, na kufika dakika ya saba mama alikuwa ameshaagiza mchele. Baba machozi yalimlengalenga. Nami, mjinga wa kutupwa, nimekaa pale pale natazama mshale wa saa.

Zilipotimia kumi nikainuka, nikamfuata baba ukumbini, ambako majirani walikuwa wakimpa mkono wa heri.

"Baba," nikasema, "simtaki."

Vigelegele vya ng'ambo vilichelewa kupata habari, vikaendelea peke yao. Shangazi alisema nimerogwa, tena na mtu wa karibu. Baba akawaomba majirani radhi, akafunga mlango, akaniketisha kando yake. Nilidhani atanigombeza, maana aibu niliyomtia ilikuwa kubwa.

"Haya," akasema polepole. "Wewe wataka nini?"

Nilikuwa na miaka ishirini na mitano, na nyumbani kwetu hakuna aliyewahi kuniuliza hivyo. Nilitamani mno kumjibu. Nikafungua kinywa, nikatafuta, sikuwa na hata neno moja la kumpa. Nikalia. Baba akanishika mkono, akangoja.