Mpini wa Koki ya Ndiva

Uhandisi nimejifunza kwenye simu, kwa hiyo kila kazi naikagua tena na tena. Juzi hapa Suji nilijaribu bomba langu la kwanza, kutoka ndiva, bwawa letu la kumwagilia, hadi shamba la tangawizi la Mama Namsifu. Likifaulu, kijiji kitanipa kazi ya mabomba yote.

Maji hayakutoka. Nikafungua kila kiungo, zamu yake ya maji ikiyoyoma.

“Fundi, hata tone?” akauliza Mama Namsifu.

“Shikamoo mama.”

“Marahaba, kwa mara ya tatu. Na hicho kinachotoboa mfuko wako?”

Ulikuwa mpini wa koki ya bwawa. Nikamweleza kuwa asubuhi niliifunga koki mwenyewe, nikauchomoa mpini ili mtu asimwibie zamu yake.

“Kumbe mwizi ni wewe!”