Vikuba vya Mbwera

Salima alikuwa mtunga vikuba, vile vishada vya maua ya kunukia, pale Kibiti, na mumewe, Mwinyimvua, ndiye aliyevifikisha kwa wenyewe. Asubuhi Salima alichuma maua ya asumini yakiwa bado vitumba, akayafunga vikuba pamoja na mrehani na kilua, akavizungushia jani bichi la mgomba. Mwinyimvua alidandia lori mpaka Nyamisati, akapanda boti kwenda Mbwera kwenye harusi za watu. Ufundi wote ulikuwa hapo: vitumba viondoke vimefumba, vifike kwa bi harusi, vifunguke magharibi kifuani pake.

Salima mwenyewe hakuwahi kuvaa hata kimoja. Mama yake alimfundisha kwamba mtungaji havai wala hanusi, asije akamtangulia bi harusi. Basi raha yake ilikuwa kumsubiri mumewe mlangoni, na kabla hajavua hata ndara amuulize, "Yalifunguka?"

"Yalifunguka, Mama Nasra."

Kisha ikaja miaka ile ya biashara huria, kila duka likajaa vitu vya nje, na maua ya plastiki yakashuka kutoka Dar kwa magunia. Meupe pe, hayanyauki, hayanuki. Watu wakayashangilia kama vile asumini iliwakosea kitu.

Siku moja Mwinyimvua alifika Mbwera na mzigo wake, akamkuta bi harusi amekwisha kupambwa plastiki kuanzia utosini. Mama wa bi harusi alimpokea vizuri, akamlisha pilau, akaweka kile kifurushi juu ya kifuniko cha mtungi. Asubuhi Mwinyimvua alipoaga kilikuwa pale pale, hakijafunguliwa hata kamba.

"Yalifunguka?" aliulizwa mlangoni.

Alimtazama mkewe, akainama kuvua ndara. "Yalifunguka. Bi harusi alinukia mpaka gatini."

Salima alifurahi, maskini, akapanda mashina mengine ya asumini nyuma ya nyumba. Lakini hakuna aliyeagiza tena. Maua yalichanua jioni baada ya jioni, yakadondoka yenyewe.

"Kwani Mbwera hawaoani siku hizi?"

"Waoane na mvua hizi?"

"Harusi ijayo nakwenda na wewe, bwana. Nikaone kazi yangu kwa macho yangu."

"Tutakwenda," alisema, ingawa alijua hampeleki.

Masika yalikwisha, Salima akaanza kukonda. Wakampeleka hospitali ya Mchukwi, akalazwa. Siku zikapita, hali haikubadilika. Mchana mmoja akamuuliza mumewe kwa sauti ndogo, "Yule bi harusi wa mwisho, alivaa kichwani au kifuani?"

Mwinyimvua alitaka kumwambia kweli. Alifungua kinywa kabisa. "Kifuani," akasema, akatoka nje akalia nyuma ya jiko la wagonjwa.

Kesho yake alichuma vitumba mwenyewe, akafunga kikuba kwa vidole vyake vilivyozoea kubeba tu. Kilikuwa kibaya, kimepinda. Alikwenda nacho Mchukwi, akakibana kwenye khanga ya mkewe, kifuani.

Salima alikipapasa. "Umekaza uzi, Baba Nasra. Na mimi si wa kuvaa."

"Leo bi harusi ni wewe."

Alicheka, kicheko kikaishia kwenye kikohozi. "Yatafunguka lini?"

"Magharibi."

"Basi nisubiri niyaone," alisema, akafumba macho apumzike.

Alasiri, roho ikatoka. Muuguzi alimfunika shuka, akakitoa kikuba taratibu, akamkabidhi mumewe. Mwinyimvua alikaa kitandani pembeni yake akisubiri gari la kumrudisha Kibiti, kikuba kiganjani. Hakujua la kukifanyia. Adhana ya magharibi ilipoita, harufu ikampanda puani, akatazama chini.

Aliinama karibu na shuka.

"Yamefunguka, Mama Nasra. Wallahi, safari hii yamefunguka."

Kisha akatega sikio, kama anayengoja kuulizwa zaidi.