Kurasa Nne za Penseli

Haya, ngoja niwape habari za Cliff Haigh. Hapa Ravensdyke, mji wetu mdogo wa Uingereza, ukisema "mtunzi wa muziki" watu wanacheka kwanza, halafu wanakumbuka kwamba tulikuwa naye kweli, mtu mzima, anakaa juu ya duka la samaki na chipsi, anapanda kilima na mfuko wake wa plastiki mvua inamnyeshea. Mimi naimba soprano kwenye kwaya ya mji, safu ya nyuma kabisa, kwa hiyo mengine nimeyaona na mengine nimeyapata kwa bibi yangu Brenda, anayeimba alto, na ambaye ndiye… basi, tutafika.

Cliff alizaliwa hapahapa. Baba yake alikuwa mfumaji kwenye kiwanda cha sufu, masikio yamekufa nusu kwa kelele za mitambo. Eti alikuwa anaweka kiganja juu ya piano ili ajue mtoto anapiga nini! Cliff akakua, akafundisha watoto wa shule filimbi miaka thelathini na nne. Hebu fikiria, watoto thelathini, filimbi thelathini, Jumatatu asubuhi. Na bado akirudi nyumbani anakaa kutunga. Katunga muziki wa bendi ya matarumbeta, katunga zaburi, katunga nyimbo za harusi za watu ambao wameshaachana zamani. Akituma London, bahasha inarudi. Mwenyewe alikuwa anasema bahasha zake zinaijua njia ya kurudi kuliko njiwa wanaoshindanishwa kurudi nyumbani.

Sasa sikia hili. Cliff hakuwahi kushika wino. Yeye ni penseli tu, anaandika anafuta, anaandika anafuta. Mwenye wino alikuwa mkewe, Enid. Cliff akimaliza, Enid anakaa mezani jikoni ananakili nota zote kwa wino mweusi, na Enid akishaandika, hakuna kubadilisha. "Nimetia wino, Clifford. Imekwisha. Kanywe chai."

Kazi yake kubwa ilikuwa ya kwaya na okestra, sehemu saba, kuhusu bonde letu hili na mitambo yake iliyonyamaza. Miaka ishirini na sita anaitunga. Enid alitia wino sehemu sita, halafu akafa. Ya saba Cliff akaiandika peke yake, mkono umeanza kutetemeka, na unajua kaandika wapi? Kwenye kitabu cha nota cha Krismasi alichokuwa anaimbia Enid kwaya yetu, zile kurasa nne tupu za mwisho. Kitabu chenyewe ni cha maktaba ya mkoa, kilisahaulika kwenye mkoba wa Enid tangu enzi hizo. Mle ndani kumejaa penseli ya Enid: *pumua hapa*, *usiburute*, *mtazame kiongozi siyo Cliff*.

"Nilipokuwa naandika humo," Cliff alikuja kumwambia Bibi baadaye, "nilikuwa naona kama ananisahihisha."

Basi kwaya yetu ilikuwa inatimiza miaka mia na hamsini mwezi wa tatu, na Neil anayetuongoza akasema tutaimba kazi ya Cliff yote. Cliff alilia, jamani, mbele za watu. Alikuwa na miaka themanini na mbili na hakuwahi kuisikia hata sehemu moja ikiimbwa. Tukapewa nakala za zile sita. Ya saba kila wiki tunaambiwa wiki ijayo.

"Cliff, kaka, hiyo ya saba iko wapi?" Neil anamuuliza.

"Inakuja."

"Inakuja kwa miguu au kwa basi?"

Kumbe mtu alikuwa anaogopa kuitoa mkononi, maana nakala ilikuwa hiyohiyo moja. Mpaka Jumanne moja ya Januari akaja nayo. Na Jumanne hiyo, mnajua ni Jumanne gani? Ni Jumanne ya raba.

Kila Januari, vitabu vya Krismasi tulivyoazima vinarudi maktaba, na lazima virudi safi. Kikirudi na alama hata moja ya penseli, tunaandikiwa barua ya kutugombeza. Kwa hiyo kina mama wa alto wanakaa meza ndefu, chai na keki pembeni, kila mtu na raba yake, wanafuta na kusengenya. Ni starehe yao kabisa! Bibi ana raba yake maalumu, anaifunga kwenye leso. Na Bibi hafuti nusunusu.

Piano ya pale mazoezini ilikuwa imefunikwa makoti ya watu, kama kawaida. Cliff akaingia, akatafuta pa kuweka kitabu, akakiweka mezani, kando tu ya rundo. Akaenda msalani. Wazee msalani wanachukua muda.

Bibi akakivuta. Akaona muhuri wa maktaba. Akafungua.

"Shoga, hebu ona hiki," akamwambia Maureen, katibu wetu. "Kimechafuliwa mwanzo mwisho."

"Ni hao wanaume wanaoimba tenor. Wakichoka wanachora chora."

"Hadi kurasa za nyuma! Hawana adabu."

"Futa tu, mpenzi. Ijumaa kinaondoka."

Akafuta. Penseli ya Cliff ilikuwa hafifu, mkono wake hauna nguvu, ilitoka kama vumbi. Bibi alipuliza, akapangusa meza kwa kiganja, akala kipande cha keki.

Cliff aliporudi akatazama meza, akatazama rundo. "Brenda, kile cha Enid kiko wapi?"

"Cha Enid kipi?"

Akakiona kwenye rundo, akakivuta. Alikifungua mwisho, akafungua mwanzo, akarudi mwisho. Kisha akaokota chembe za raba mezani kwa ncha ya kidole, akazitia kwenye mfuko wa koti.

Tulijaribu kila kitu. Maureen alikuwa amepiga picha ya keki, na nyuma ya keki kitabu kimefunguka! Simu zote zikatoka, kila mtu anavuta picha ikue, ikue, na kadiri inavyokua ndivyo unavyoona keki. Neil akalaza kurasa chini ya taa, upande upande, kutafuta mikwaruzo. Maneno ya Enid yakaonekana yote, maana yule mama alikuwa anakandamiza penseli kama anachimba. *Pumua hapa.* Ya Cliff, hakuna. Kurasa nne nyeupe.

"Si unaikumbuka kichwani, Bwana Haigh?" mtu akamuuliza.

"Niliandika ili nipumzike kuikumbuka," akajibu.

Wiki tatu akajifungia na piano. Akatuletea ukurasa mmoja. Maureen akaanza kuuimba taratibu kwa puani, akanyamaza katikati.

"Endelea," Cliff akamwambia.

"Cliff, mpenzi… huu ni ule wimbo wa zamani tunaoimba mazishini."

Akauchukua, akausoma kwa midomo. "Ah. Kweli." Akaukunja mara mbili, na hakuandika tena.

Bibi alikwenda kwake na pai ya nyama. Mlangoni akamnyooshea pai. Cliff ndiye aliyesema. "Umefuta vizuri sana, Brenda. Enid angekusifu." Bibi alirudi na pai yake ileile, haijakatwa.

Mwezi wa tatu tuliimba zile sita. Ya sita inaishia kwa alto peke yao, wameshika nota moja inayoning'inia, inayosubiri ya saba iipokee. Tuliishika mpaka pumzi ikaisha. Neil akashusha mikono. Mtu mmoja nyuma akakohoa. Halafu watu wakadhani ni mapumziko, wakainuka kwenda kunywa chai. Cliff alibaki mstari wa mbele, koti halijavuliwa, anatazama viti vya okestra.

Kesho yake akampelekea Maureen kitabu cha Enid. "Kirudisheni. Si ni chao?"

"Cliff, baki nacho. Maandishi yake si yanaonekana ukikilaza chini ya taa?"

"Kimeshafutwa," akasema, na akashuka ngazi.

Alifariki mwezi wa tano. Tulimwimbia ule wimbo wa mazishini, tungeimba upi?

Wiki iliyofuata ikaja barua ya maktaba. Maureen anabandika barua zote ubaoni bila kufikiri, akaibandika na hii: wanashukuru kupokea kitabu kilichopotea miaka mingi, na wanaipongeza kwaya kwa kukirudisha kikiwa safi kabisa. Bibi aliisoma amesimama, mkoba mkononi. Akatoa mkobani leso yenye raba, akaiacha juu ya piano kati ya makoti, akaenda kukaa mahali pake.