Mawese, Chumvi na Binti wa Mpondwe

Wakati wa vita mume wangu alikuwa mwalimu wa shule ya msingi hapa Butembo, na serikali ilikuwa imesahau zamani kwamba mwalimu hula. Wazazi wa wanafunzi walimletea walichoweza: maharagi, viazi, pengine kuku aliyefungwa miguu. Njaa hatukuiona sana. Lakini sabuni, chumvi na nguo za watoto havitoki shambani, na mimi nilikuwa na wasichana wawili waliokuwa wanakua haraka kuliko magauni yao. Basi nikaingia biashara ya mawese.

Sisi wa Butembo tunakaa juu, kwenye baridi. Tuna kabichi, vitunguu na viazi, ila mchikichi kwetu hauzai. Mawese niliyafuata upande wa Beni, kwa wakulima wa Mulekera na vijiji vya karibu, nikayajaza katika mabidoni ya njano, yale madumu ya plastiki, kisha nikapanda lori kwenda mpaka wa Uganda, hadi Kasindi. Ng'ambo ya mto Lubiriha kuna soko la Mpondwe. Huko mafuta yetu yalipendwa, nami nilirudi na chumvi, sabuni, sukari na viberiti. Njiani kulikuwa na vizuizi vya askari, leo wa kundi hili, kesho wa kundi lile, na mara nyingi bidoni moja lilibaki kwao. Tulishazoea kulihesabu bidoni hilo kama limemwagika.

Lori lilikuwa la mzee mmoja Mwislamu wa Beni. Aliliendesha mwenyewe kwa sababu, alisema, dereva wa kukodi hasikii gari likilia. Sisi wanawake wa biashara tulimwita Haji.

Safari yangu ya kwanza kabisa kule Mpondwe nilisimama mbele ya mama mmoja aliyeuza chumvi ya ziwa la Katwe. Alikuwa mnene, mweusi wa kung'aa, na kitambaa chekundu kichwani. Nilimwuliza bei kwa Kiswahili, akaitaja. Nikageuka nikamwambia mwenzangu kwa Kinande, lugha yetu, kwamba chumvi ya mama huyu ni nzuri, ila bei yake ni ya mwizi.

"Mwizi amekusikia," yule mama akanijibu.

Alinijibu kwa lugha yake, Kikonjo, nami nikaelewa kila neno. Nilikuwa nimesikia watu wakisema kwamba Wakonjo wa kule na Wanande wa kwetu ni ndugu waliopitishiwa mpaka katikati, lakini kusikia ni kitu kimoja, na kushikwa ukimsema mtu ni kitu kingine. Nilitamani ardhi ipasuke. Yeye alicheka mpaka akashika meza, akanipunguzia bei, akaniuliza mimi ni mtoto wa ngapi nyumbani. Kuanzia siku hiyo sikuuza mafuta yangu kwa mtu mwingine, wala kununua chumvi kwa mtu mwingine. Nilimwita yaya, ndivyo kwetu tunavyomwita dada mkubwa.

Mimba yangu ya tatu haikunizuia kusafiri. Niliona bado nina mwezi mzima. Mama mkwe wangu aliona vingine.

"Ile tumbo iko chini sana," aliniambia asubuhi nilipokuwa nafunga mzigo. "Ukienda sasa, utazalia mu njia."

"Mama, ingali mwezi. Nitarudia mbele ya dimanche, siku ya kanisa."

Akaenda jikoni, akarudi na kitenge kipya na kisu kidogo cha kukatia kitovu, kimefungwa katika karatasi, akavitia ndani ya kikapu changu. Kule Beni, Haji naye aliniangalia nikipanda.

"Mama, hii ni gari ya mafuta. Hapana gari ya kuzalisha."

"Hapana ogopa, Haji. Mutoto angali analala."

Akatikisa kichwa, akaniweka mbele pamoja naye badala ya juu ya mizigo, na barabara yote akapita kwenye mashimo polepole kama mtu aliyebeba mayai. Tulivuka daraja la Semliki, tukapita lile bonde la joto ambapo nyani hukaa barabarani kama wenye mali. Kasindi tulifika salama. Wasukuma baiskeli wakavusha mabidoni yangu, nami nikawafuata kwa miguu. Haji alisema atanisubiri upande wa kwetu mpaka jioni.

Tulikuwa bado hatujamaliza kupima mafuta pale yaya aliponikazia macho.

"Mbona unashika kiuno kila mara?"

"Ni safari tu."

"Safari gani hiyo inayokuja na kuondoka?"

Kabla sijajibu, safari ikaja tena, nikainama juu ya magunia. Yaya aliita jirani amtazamie meza, akamnyang'anya kijana mmoja mkokoteni wa kubebea chumvi, akatandika magunia matupu, akaniambia nipande. Ndivyo nilivyopelekwa kituo cha afya: juu ya mkokoteni, katikati ya soko, yaya akisukuma na kupiga kelele watu wapishe. Wauza ndizi walisimama. Mwanamke mmoja alinitupia shuka safi. Nilikuwa na maumivu, na nilikuwa na aibu, lakini nakumbuka pia kwamba nilicheka, kwa sababu yaya alikuwa akiwapigia kelele watu kwa maneno yale yale ambayo mama yangu alikuwa akiwapigia mbuzi.

Msichana alizaliwa alasiri. Alikuwa mdogo, lakini sauti alikuwa nayo. Yaya alimpokea kwa mkunga, akaniuliza:

"Ni binti wa ngapi kwako?"

"Wa tatu. Wote binti."

Akamwita kwa jina la binti wa tatu. Kwetu mtoto hupewa jina kwa zamu ya kuzaliwa, na kwao vilevile. Tofauti ni herufi moja au mbili. Hatukuhitaji kushauriana na mtu.

Nilikuwa bado nimelala pale niliposikia mlio kutoka upande wa Kongo, mbali, kama mtu anayegonga mlango wa bati. Wauguzi walisimama wakasikiliza. Jioni habari ilikuja: watu wenye silaha wameingia vijiji vya barabara yetu, malori yote yamefukuzwa Kasindi, na mpaka umefungwa. Haji alikuwa amekataa kuondoka, waliniambia baadaye, mpaka askari akapiga teke taa ya gari lake.

Basi nikabaki Uganda, na mtoto wa siku moja, na kitenge cha mama mkwe, na mawese yangu yote yakiwa kwa yaya.

Nyumba yake ilikuwa ya vyumba viwili, nyuma ya soko, na mgomba mbele ya mlango. Alinipa kitanda chake, yeye akalala kwenye mkeka pamoja na mama yake mzee. Kilichonitesa hakikuwa malazi. Nilikuwa nikimwona mume wangu moyoni, darasani, akiwa na chaki mkononi, hajui kama nina uhai. Siku chache zikapita hivyo. Yaya aliniona nikimnyonyesha mtoto huku machozi yanashuka, akasema:

"Kuna mnunuzi wa kahawa hapa ana fonie. Kila asubuhi anaongea na Butembo. Kwa nini sikuwaza mapema?"

Fonie ilikuwa ile redio ya upepo, yenye waya mrefu juu ya paa, ambayo wafanyabiashara waliitumia kuulizana bei wakati ambapo simu hazikuwapo. Mnunuzi wa kahawa alikuwa mtu mwenye haraka, lakini yaya alimwekea mtoto mikononi, na haraka ikamwisha. Alituma neno Butembo: mwalimu fulani aitwe, aje kesho asubuhi kwenye fonie ya wauza kahawa.

Kesho yake tulikaa mbele ya kile chombo. Kikakoroma, kikapiga mluzi, halafu sauti ya mume wangu ikatoka, ndogo kama ya mtu aliye ndani ya debe.

"Allô, allô. Ni miye. À vous."

À vous, kwa watu wa fonie, ni kusema zamu ni yako. Yaya akanipiga kisukusuku.

"Papa," nikasema, "tuko bazima. Nimezaa. Ni binti. À vous."

Chombo kikakoroma tena. Tulisikia upepo tu.

"Umesema binti? À vous."

"Binti. Anafanana na mama yako. Hata kulia analia sawa yeye. À vous."

Niliposema hivyo sauti nyingine zikaingia, kwa maana kila aliyekuwa na fonie barabara nzima alikuwa akisikiliza. "Félicitations, Mwalimu! Huku Kanyabayonga tumesikia!" Mwingine akacheka tu. Mwingine, sijui alikuwa wapi, akauliza: "Mama, pole na kuzaa, ila chumvi iko bei gani huko? À vous." Mnunuzi wa kahawa akampa bei. Mume wangu alirudi mwisho, na sauti yake ilikuwa imebadilika.

"Bakia uko mpaka njia ipoe. Hapana kukimbilia. Batoto wako muzuri. À vous."

Nilitoka pale mwepesi. Na baada ya hapo, naweza kusema bila kuona haya, nilikaa vizuri. Kulikuwa na vita, na upande wa pili wa mto kulikuwa na nyumba yangu, lakini kwa yaya nilipumzika kama sijapumzika tangu niolewe. Mama yake mzee alimwogesha mtoto na kumpaka mawese yangu mwenyewe. Niliwapikia sombe, majani ya muhogo, kwa mafuta yale, jirani wakaja kuonja, na wiki iliyofuata wakaja kununua bidoni kwa bidoni pale pale kibarazani, bila yaya kuyapeleka sokoni. Alasiri tulichambua maharagi na kuongea. Ndipo tulipogundua kwamba nilikuwa nasafiri bure. Yeye alihitaji mawese, mimi nilihitaji chumvi. Lori lilikuwa lile lile. Kwa nini tusitumiane?

Mpaka ulipofunguliwa, mume wangu aliambiwa kwa fonie, na Haji akawa wa kwanza kufika Kasindi. Nilivuka daraja na mtoto mgongoni, baiskeli za chumvi zikinitangulia. Ofisa wa forodha upande wetu aliangalia magunia, akaangalia mgongo wangu.

"Na hii ni nini?"

"Ni mutoto, chef."

"Naona. Ulitoka naye huku?"

"Nilitoka naye. Alikuwa ndani."

Akafikiri, na uso wake ulikuwa mkavu kabisa. "Donc ulimu-exporter bila kutangaza. Sasa unamu-importer."

Moyo wangu ulishtuka. Halafu askari aliyekuwa pembeni akaangua kicheko, ofisa naye akashindwa kujizuia, akaomba kumwona mtoto uso. Alimtazama kitambo. Alisema yeye ana mtoto wake huko Vuhovi ambaye hajamwona tangu azaliwe. Kisha akatufungulia kizuizi, na siku hiyo hakuna gunia lililobaki kwao.

Mume wangu alikuwa ametufuata hadi Beni. Alisimama nyumbani kwa Haji huko Mulekera, amevaa koti lake la Jumapili katika joto lile, jasho linamtiririka. Hakunikumbatia mbele ya watu, sisi hatukuwa na desturi hiyo. Alichukua mtoto, akamfunua kidogo, akasema, "Kweli, ni mama kabisa," na wake wa Haji wakapiga vigelegele. Tulikula pilau kwao kabla ya kupanda kwenda Butembo. Mama mkwe wangu alitupokea mlangoni, akamwita mtoto jina lile lile, hakuuliza alipewa na nani.

Kuanzia hapo mawese yalikwenda na Haji, chumvi ikaja na Haji, nami nikakaa nyumbani mpaka binti akaacha ziwa. Duka dogo nililofungua mbele ya nyumba ndilo lililowasomesha wasichana wote watatu.

Njia ilipotulia kidogo, yaya alikuja Butembo. Hakuwa amewahi kupanda huku juu. Baridi ilimshika tangu siku ya kwanza, akazunguka soko lote amevaa koti la mume wangu juu ya kitenge, akishangaa ukubwa wa kabichi zetu. Jumapili alikuja nasi kanisani, na kwaya ilipoimba kwa Kinande aliimba naye kwa Kikonjo, kwa nguvu, akimaliza kila ubeti nyuma kidogo ya wenzake. Binti yangu wa Mpondwe alikaa mapajani mwake akichezea vifungo vya lile koti, mpaka akalala.